Bi Flashi na Kaka wa Kwenye Kadi

Bi Flashi alikuwa na ulimi mkali tangu utotoni, na majirani walimvumilia kwa sababu moja tu: hakuna mtu aliyewahi kutoka studio kwake akiwa na sura mbaya. Uingie na makunyanzi, utoke laini. Uingie na macho mekundu ya kukosa usingizi, utoke na macho ya bibi harusi. "Mimi sipigi picha," alizoea kusema, "mimi nawasitiri." Na kweli aliwasitiri. Kwenye kompyuta yake kuukuu, iliyonguruma kuliko mashine ya kusaga, aliondoa chunusi, akafuta mvi, akanyoosha kola, na mteja akija kuchukua picha yake alijitazama akasema, "Ee, huyu ndiye mimi hasa!" Mwongo mkubwa. Lakini nani hapendi kudanganywa kwa hisani?

Studio yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Palikuwa na kaunta ya kioo yenye ufa, kitana kilichofungwa kwa uzi kisije kikatembea, na koti jeusi la kuazimisha ambalo nusu ya mtaa ilikuwa imepigwa picha nalo, wanene kwa wembamba. Nyuma ya pazia kulikuwa na kiti kirefu, kitambaa cheupe ukutani na taa mbili zenye miavuli. Ukivuka hapo unaingia ndani, alikoishi yeye na kaka yake mkubwa, ambaye mtaani walimwita Fundi Bomba.

Huyo Fundi Bomba ndiye aliyemlea. Wazazi walipowatoka mapema, yeye alikuwa baba na yeye alikuwa mama. Alichimba mitaro ya watu mpaka viganja vikaota sugu, na kamera ya kwanza ya Bi Flashi ilitoka kwenye mitaro hiyo. Hakuoa; kila akiulizwa alisema kwanza mdogo wake asimame, na mdogo wake aliposimama yeye akawa ameshazoea. Kisha siku moja alikuwa amelala chali chini ya sinki la watu, spana ikamdondoka, na alipotaka kuiokota mkono ukakataa. Kiharusi. Akabaki na mguu wa kuburuta, mkono wa kushoto wa kuning'inia, na mdomo ulioshuka upande mmoja. Maneno yalitoka polepole na kwa taabu, ila akili ilikuwa palepale.

Daktari hakuficha: vidonge vya presha, kila siku ya Mungu, bila kuruka. Akiruka, kiharusi cha pili hakitabisha hodi. Na vidonge vilipatikana mahali pamoja tu, kwenye dirisha la dawa la kliniki ya serikali, kwa kitambulisho, mwenyewe akiwepo. Maduka ya dawa yalikuwa yamefungwa zamani, kwa maelezo kwamba serikali inayowapenda watu wake haiwezi kuwaacha wakanunue afya mitaani. Kwa hiyo kila vidonge vilipokaribia kwisha Bi Flashi alifunga studio, akamshika kaka yake mkono, wakaenda mwendo wa kobe hadi kliniki, wakarudi na pakiti. Maisha yalikuwa magumu lakini yalikwenda.

Basi, hapo ndipo Mlezi wa Taifa alipokosa kazi ya kufanya.

Inasemekana alikuwa akitazama picha za vitambulisho vya raia, na akaona jambo lililomuudhi: wote wamenuna. Redio ikaanza kutangaza tangu alfajiri. Taifa lililonuna linamfurahisha adui. Adui akiona nyuso hizi atasema watu wanateswa. Kuanzia sasa kila kitambulisho kitakuwa na tabasamu. Meno yaonekane, na pembe zote mbili za mdomo zipande juu. Vitambulisho vya zamani, vya wale walionuna, mwisho wa mwezi vitakuwa takataka.

Jamani! Barabara zina mashimo ya kufugia samaki, bomba linatoa maji likijisikia, na mtu mzima, mwenye walinzi na misafara ya magari, anakaa kitako kuhesabu meno ya watu. Lakini ukilisema hilo kwa sauti unapotea. Kwa hiyo watu walisema, "Wazo zuri sana," wakaenda kupanga foleni kwa Bi Flashi.

"Shoga, kheri yako," msusi wa duka la pili, rafiki yake wa siku nyingi, alimwambia. "Biashara imekufuata mlangoni."

"Biashara gani hii?" Bi Flashi alifoka. "Nashinda nawabembeleza watu wazima wacheke, utadhani nawalisha uji! Leo nimepiga kelele 'meno, meno, meno' mpaka koo limekauka. Nimekuwa daktari wa ng'ombe?"

Na haikuwa mzaha. Mwokaji mikate hakuwa na meno ya mbele, picha yake ikarudishwa. Akaazima meno ya bandia ya shemeji yake, ikapita, halafu shemeji naye akaja kudai meno yake apigwe picha. Mume na mke waligombana mbele ya kamera juu ya nani aliyeanza kununa katika ndoa ile. Akaja na mjane aliyetoka kuzika wiki ileile, maana mwisho wa mwezi haumsubiri mfiwa. Alikaa kwenye kiti kirefu, akavuta midomo kama alivyoagizwa, na machozi yakashuka juu ya tabasamu. Bi Flashi aliyafuta yale machozi kwenye kompyuta, kisha akatoka nje kumfokea mtu wa kwanza aliyekutana naye, ambaye alikuwa hana kosa lolote.

Zamani alikuwa na dawa yake ya kuwachekesha wateja. Shida ni kwamba vichekesho vyake vitamu vyote vilimhusu Mlezi wa Taifa, na hivyo alikuwa amevimeza tangu siku ile muuza magazeti wa kona alipochekesha watu, na kesho yake kona ikawa tupu. Alivyobaki navyo vilikuwa vya kuku na mbuzi, havichekeshi hata kuku.

Zamu ya kaka ikafika. Akamvika koti jeusi, akamchana nywele, akamkalisha. "Kaka, nichekee," akasema, na sauti ilikuwa tofauti na ile ya kufokea wateja. Fundi Bomba akamchekea. Upande wa kulia ukapanda, shavu likajaa, jicho likaingia ndani kwa furaha, maana alimpenda mdogo wake. Upande wa kushoto ukabaki pale pale. Bi Flashi aliitazama picha akaona ni nzuri. Pengine lilikuwa tabasamu pekee la kweli alilolipiga mwezi mzima.

Aliipeleka Ofisi ya Vitambulisho. Dirishani alikaa kijana aliyepewa na watu jina la Karani wa Meno. Alikuwa na rula ya plastiki. Aliilaza juu ya picha, akainamisha kichwa, akairudisha chini ya kioo.

"Huyu hajatabasamu."

"Ametabasamu. Tazama upande huu."

"Tabasamu lina pande mbili, mama."

"Upande wa pili umepooza, mwanangu. Ana kiharusi."

"Sheria haikutaja kiharusi."

"Haikukitaja kwa sababu aliyeiandika hana!"

Foleni nzima nyuma yake ikaanza kutazama viatu. Watu wote wale, mwokaji mikate akiwemo, aliyekuja kuchukua kadi yake akiwa ameazima tena meno ya shemeji, ghafla wakawa hawajawahi kuona viatu maishani mwao. Karani wa Meno akaweka rula chini taratibu.

"Mama, unataka kusema aliyeandika sheria ana upungufu?"

Bi Flashi alimeza jibu. Kumeza kulimuuma kama kumeza mfupa, lakini alimeza. "Hapana, mwanangu. Nitampiga nyingine."

Alimpiga nyingine. Alimpiga nyingi. Msusi alikuja na gundi ya kubandikia nywele na kamba nyembamba, wakajaribu kulivuta lile shavu kwa nyuma, chini ya sikio, lifanane na mwenzake. Gundi ikashika nywele, kamba ikakatika, shavu likarudi. Msusi akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaona Bi Flashi hacheki, akanyamaza. Bi Flashi alikwenda kwa daktari mwenyewe, akamwomba karatasi ya kueleza ugonjwa. Daktari alifunga mlango kwanza.

"Niandike kwamba kuna raia asiyeweza kufurahi?" akanong'ona. "Dada yangu, mwenzangu wa chumba cha pili aliandika. Umemwona tena?"

Bi Flashi alirudi nyumbani akiwa amefura. Kila aliyemgeukia alimhurumia sana, alimshika bega, akamwambia avumilie. Avumilie nini? Pakiti ya vidonge ilikuwa imebaki nyepesi, ukiitikisa unasikia. Na yule mgonjwa mwenyewe alikuwa ameketi uani anafunga koki mbovu kwa mkono mmoja, kana kwamba yote haya yanamhusu jirani.

"Mdogo wangu," akasema kwa taabu, "acha. Nitakufa na uso wangu."

"Hufi!" Bi Flashi akapiga ukelele. "Na uso wako niachie mimi. Kazi yangu ni nini?"

Akaketi mbele ya kompyuta. Akaichukua ile picha ya kwanza, ile nzuri, akaikata katikati, kutoka utosini kupita puani hadi kidevuni. Upande mgonjwa akautupa. Upande mzima akaunakili, akaugeuza kama kwenye kioo, akauunganisha na mwenzake. Mara akatokea Fundi Bomba mwenye midomo iliyopanda huku na huku, na meno safu nzima. Kazi ilichukua muda mfupi kuliko kusuka nywele. Alikuwa na sheria yake ya miaka yote kwamba atafuta chunusi lakini hatambadilisha mtu, na siku ile aliivunja bila hata kuguna.

Angeishia hapo, pengine mambo yangekwenda vingine. Lakini mkono wa fundi ukishaanza hausikii. Alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile, mbele ya kioo kilekile, na vidole vikaendelea na mazoea yao bila kumwomba ruhusa. Vikafuta mvi. Vikaondoa vifuko chini ya macho. Vikaziba shimo la pajini mwa uso, pale bomba la chuma lilipomrukia ujanani. Vikaipunguza ile mistari miwili iliyochimbwa na miaka ya kujikaza. Na moyoni alikuwa na uchu mwingine, tusimfiche: alitaka kumwona kaka yake tena, yule wa kabla ya spana kudondoka. Alipoinua mikono, kwenye kioo alikaa bwana mtanashati, mcheshi, wa kuoa kesho.

"Kaka, njoo ujione. Ukitoka hivi barabarani watakunyang'anyana."

Fundi Bomba akaja anaburuta mguu. Akatazama muda mrefu.

"Nani huyu?"

"Wewe."

"Hapana," akasema. Halafu, kwa kuwa hakupenda kumuudhi, akaongeza, "Mzuri, lakini."

Karani wa Meno alilaza rula yake, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akatabasamu yeye mwenyewe. "Sasa hivi ndivyo raia anavyotakiwa kuonekana! Mama, umeona? Mlikuwa hamtaki tu." Akagonga muhuri. Akapendezwa mno hata akamwita mkubwa wake, na mkubwa wake akaagiza nakala kubwa ibandikwe kwenye kioo cha ofisi, chini ya maneno MFANO MWEMA, ili wananchi wakaidi waige. Bi Flashi alitoka na kadi mkononi akiwa hajui acheke au atapike. Lakini kadi alikuwa nayo, na ilimtosha.

Siku vidonge vilipokwisha, wakaenda kliniki, mwendo wao uleule wa kobe. Aliyekaa dirisha la dawa alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahudumia tangu mwanzo, na sinki la jikoni kwake Fundi Bomba ndiye aliyelifunga. Kila mara alisema, "Shikamoo, fundi," kabla hata hawajafika. Siku ile nyuma yake alisimama askari, maana amri mpya ilitaka kila kadi ihakikishwe.

"Shikamoo, fu..." mtoa dawa alianza, akajizuia. Akachukua kadi. Akaitazama, akamtazama Fundi Bomba, akaitazama tena. Askari naye akachungulia juu ya bega lake.

"Mwenye kadi yuko wapi?" askari akauliza.

"Huyu hapa," akasema Bi Flashi.

"Huyu? Nimeuliza mwenye kadi." Akamgeukia mtoa dawa. "Wewe unawajua wagonjwa wako. Huyu ndiye?"

Mtoa dawa aliinamia kadi. Kidole chake kilikuwa juu ya ile picha, juu ya lile paji laini lisilo na shimo.

"Si yeye," akasema.

Ala! Bi Flashi alidhani amesikia vibaya. "Wewe mwanamke! Umekunywa maji ya bomba la mtu huyu miaka mingapi?" Lakini askari alikuwa ameshamshika Fundi Bomba mkono, na tena ule mkono mbovu, usioweza hata kujitetea.

Waliingizwa chumba kidogo cha walinzi ubavuni mwa kliniki. Palikuwa na meza, benchi, feni isiyozunguka, na ukutani Mlezi wa Taifa akionyesha meno yake yote. Afande aliyekaa mezani hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha zaidi Bi Flashi. Angekuwa mbaya, angejua pa kuanzia. Alikuwa mpole, ana mafua, na alitaka sana jambo hili liishe kabla ya chakula cha mchana.

"Mama," akasema, "huyu mzee ametaka kuchukua dawa kwa kadi ya mtu mwingine. Ni kosa kubwa. Kuiba jina la raia."

"Jina ni lake! Muulize!"

Fundi Bomba akalitaja jina lake. Lilitoka kwa taabu, likiwa limepoteza kona zake.

"Hata kulitamka hawezi," akasema Afande kwa masikitiko.

Bi Flashi akashika kichwa. "Haya. Sikiliza, Afande. Nitakwambia ukweli, unifunge, tumalize. Picha ni ya uongo. Nimeitengeneza mimi. Nimechukua nusu ya uso nikaifanya mbili, nikamfuta mvi, nikamziba shimo. Kosa ni langu. Nifunge mimi, mpe mgonjwa dawa."

Afande alipenga kamasi, akaikunja leso yake vizuri, akaiweka mfukoni.

"Haiwezekani, mama."

"Nini hakiwezekani? Nakiri kosa!"

"Picha ina muhuri. Na imebandikwa kwenye ofisi ya serikali, mimi mwenyewe nimepita pale nikaiona. Mfano Mwema. Sasa ukisema ni ya uongo, unasema serikali imegonga muhuri juu ya uongo na kuubandika watu wauige. Hilo siwezi kuliandika. Na wewe usilirudie, nakusihi."

"Kwa hiyo picha ni ya kweli."

"Ndiyo."

"Na mtu ni wa uongo."

"Sasa tunaelewana."

Enyi watu wa Mungu! Mtu umezaliwa naye, umelala naye kitanda kimoja miguu kwa kichwa, amekufuta kamasi, amekubeba mgongoni mvua ikinyesha, halafu mgeni mwenye mafua anakwambia kwa upole kabisa kwamba si yeye, kwa sababu karatasi imesema hivyo. Na karatasi umeitengeneza wewe.

Afande akamwonea huruma. Akavuta kiti karibu. "Mama, mimi nataka kukusaidia. Tatizo lako dogo. Kadi yako iko sawa, kaka yako yuko sawa, serikali haina ugomvi naye, na dawa yake ni haki yake." Akaita, na mtoa dawa akaingia na pakiti. "Chukua, umpelekee kaka yako nyumbani. Safari hii tutamsamehe kutokuja mwenyewe. Wewe sema neno moja tu: kwamba huyu mzee humjui, alikufuata njiani. Utoke hapa salama. Yeye atapelekwa wanakopelekwa wasio na jina, huko atatunzwa."

Mtoa dawa alimkabidhi pakiti mkononi, na mgongo wake ukawa kwa Afande. Alikuwa analia bila sauti. "Ningempitisha," akanong'ona. "Wallahi ningempitisha, ningesema amezeeka kidogo. Mbona ulimfanya kijana hivi, shoga yangu? Ulinifungia mlango." Akatoka haraka.

Bi Flashi alisimama na ile pakiti. Maneno yale yalimwingia kuliko yote ya Afande, maana yalikuwa kweli. Mdomo peke yake ungesameheka. Ni yale mengine, yale aliyoyafanya kwa mazoea na kwa mapenzi, ndiyo yaliyokuwa yanamchukua kaka yake.

Kutoka kwenye benchi Fundi Bomba akazungumza. Alijikaza, akapanga kila neno kabla ya kulitoa, na safari hii yote yalisikika.

"Mdogo wangu. Sema hunijui. Nenda nyumbani."

"Nyamaza wewe!" Bi Flashi akamgeukia kwa hasira zote za mwezi ule, za rula na gundi na meno na viatu vya watu wa foleni. "Maisha yangu yote unanipangia! Soma wewe, kula wewe, nenda wewe! Leo hunipangii. Nyamaza, fungua mdomo."

"Mama," akasema Afande.

Bi Flashi alikuwa ameshachana pakiti. Mezani palikuwa na glasi ya maji ya Afande mwenyewe. Akaichukua bila kuomba. Akaketi kwenye benchi upande wa kushoto wa kaka yake, ule upande mbovu, akamwinua kidevu, akamwekea kidonge ulimini na kumnywesha taratibu kama alivyomnywesha kila siku. Maji kidogo yakachuruzika kwenye pembe ya mdomo iliyoshuka. Akayafuta kwa kiganja. Fundi Bomba akameza.

"Mama, unajua umefanya nini?" Afande alikuwa amesimama, na uso wake ulikuwa umepauka. "Umempa mwizi dawa ya kaka yako! Nilikuwa nakutoa hapa, unaelewa? Nilikuwa nakutoa!"

"Naelewa. Andika."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba kaka yangu ameibiwa dawa na mimi ndiye niliyesaidia kumwibia. Akija kulalamika, yule mtanashati wako wa kwenye kadi, niiteni nimjibu mwenyewe." Akakitia kifuniko cha pakiti ndani, akaisukuma chini kabisa ya mfuko wa shati la kaka yake, akaufunga kifungo. "Kimoja kila siku, Kaka, baada ya kula. Huko watakakokupeleka usikubali wakwambie umeshakunywa. Unanisikia? Akili unayo, hesabu mwenyewe."

"Nasikia," akasema Fundi Bomba.

Nje gari liliwashwa. Afande alipenga kamasi tena, akasema basi wapakiwe wote wawili, na kwamba mwanamke huyu akae mbele na mzee akae nyuma, kwa kuwa kwa mujibu wa sheria hawajuani. Bi Flashi akamwambia akakae mbele yeye na mafua yake. Akamshika kaka yake mkono, wakatoka mwendo wa kobe, na askari wakalazimika kuwasubiri.